Je, Mama Aliyenyonyesha Aweza Kupata Kansa ya Titi?

Soma maneno haya polepole. Kama nyumbani mwako yuko mtu asiyejua kusoma, msomee. Maneno haya ni ya akina mama kwanza, lakini baba naye asiyaweke kando. Mara nyingi yeye ndiye mwenye kutoa fedha ya safari, na yeye ndiye atakayesema, "Twende hospitali," au, "Tungoje kwanza."

Tuanze kwa mfano. Mama mmoja ana watoto sita. Wa mwisho ana miezi minane, naye bado ananyonya. Siku moja mama huyu anaoga, na mkono wake unagusa kitu kigumu katika titi la kushoto, kama punje ya mahindi. Hakimuumi. Anamwambia mama mkwe wake. Mama mkwe anamjibu, "Mwanangu, usiogope. Hayo ni maziwa yameganda. Mimi nilinyonyesha wanane. Titi lenye kufanya kazi halipati ugonjwa."

Mama anatulia moyo. Miezi inapita. Punje ya mahindi imekuwa kama yai la kuku. Jirani anamleta mtu wa kuchanja kwa wembe na kupaka majani. Kitu kinaendelea kukua. Siku anapofika hospitali mwaka umekwisha, titi lina kidonda, na tezi za kwapa zimevimba.

Waganga na wauguzi wa nchi yetu wamewaona akina mama wa namna hii mara nyingi, mpaka hawawezi kuwahesabu. Sasa tujiulize: mama mkwe alikuwa mwongo? Hapana. Alimpenda mke wa mwanawe, na katika neno lake kulikuwa na kweli. Lakini ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumwua mtu. Leo tutazame kwanza ile nusu aliyoijua, kisha ile asiyoijua.

NUSU YA KWANZA: KUZAA HULINDA

Jambo hili halikuanza kusemwa jana. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, katika mji wa Padua, Italia, aliishi mganga jina lake Bernardino Ramazzini. Alichunguza magonjwa ya watu kwa kufuata kazi zao: wafinyanzi, wachimba migodi, na wengine wengi. Aliona kwamba watawa, yaani wanawake wasioolewa wala kuzaa kwa ajili ya nadhiri yao, walipata kansa ya titi kuliko wanawake wengine. Aliliona jambo, lakini hakuweza kujua sababu yake.

Mwaka 1926 mganga mwanamke wa Uingereza, Janet Lane-Claypon, aliwauliza wanawake kama 500 waliokuwa na kansa ya titi, na wengine kama 500 wasiokuwa nayo. Aliona kwamba wagonjwa walikuwa wamezaa watoto wachache zaidi, na kunyonyesha kidogo zaidi. Mwaka 1970 Brian MacMahon na wenzake walitoa habari za wanawake wa nchi mbalimbali, toka Marekani mpaka Japani. Waliona kwamba umri wa mama anapozaa mtoto wa kwanza una maana kubwa: aliyezaa mapema alipata kansa ya titi kwa uchache kuliko aliyezaa mara ya kwanza baada ya miaka 35.

Halafu mwaka 2002 wachunguzi walikusanya habari za uchunguzi 47 uliofanywa katika nchi 30. Wanawake 50,302 walikuwa na ugonjwa, na 96,973 hawakuwa nao. Waliona hivi: kila mtoto anayezaliwa hupunguza hatari ya mama kwa asilimia 7. Tena kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza zaidi kwa asilimia 4 na kidogo. Basi mama wa Congo anayenyonyesha mtoto karibu miaka miwili anamlisha mtoto wake, na wakati uleule anajilinda yeye mwenyewe.

TITI NI KAMA MTI

Yafaa tujue jinsi titi lilivyoumbwa. Lifikiri kama mti. Shina lake liko kwenye chuchu. Kutoka hapo matawi huingia ndani, yakigawanyika kuwa vitawi vidogo. Katika msichana matawi ni machache, nayo yana machipukizi tu. Mwanamke anaposhika mimba, damu yake hupeleka ujumbe kwa titi, na machipukizi huanza kufunguka. Matawi huongezeka, na majani huota kila mahali. "Majani" haya ndiyo vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa. Mtoto akiachishwa, majani hupukutika, na titi hupungua.

Mtu akitazama kwa nje atasema titi limerudi kama zamani. Lakini ndani halikurudi kama zamani. Kuna alama iliyobaki. Alama hiyo ndiyo jambo ambalo waganga wanalichunguza sana siku hizi.

KITABU CHA NYIMBO

Mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna uzi mwembamba sana, nao unabeba maagizo yote ya mwili. Wenye elimu huuita ADN. Tuufananishe uzi huo na kitabu cha nyimbo cha kanisa.

Chembe ya ini ina kitabu kizima. Chembe ya jicho ina kitabu kilekile. Chembe ya titi pia. Lakini hakuna anayeimba nyimbo zote kwa siku moja. Katika ini kurasa fulani zimefunguliwa na nyingine zimegandishwa pamoja. Katika titi zimefunguliwa nyingine. Maneno ya nyimbo hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni zile alama: ukurasa huu una kipande cha karatasi ili mwimbishaji aufikie upesi, na ukurasa ule umetiwa gundi usifunguke. Elimu ya alama hizi, zinazofungua na kufunga maagizo bila kubadili maneno yake, huitwa epijenetiki.

Basi mimba inapokuja, chembe za titi hufungua kurasa za wimbo wa maziwa. Gundi huondolewa, vipande vya karatasi hutiwa mahali pake. Mtoto akiisha kuachishwa, wimbo hunyamaza. Lakini vile vipande vya karatasi havitolewi vyote. Vingine hubaki miaka mingi.

Wachunguzi walijuaje? Waliwatumia panya, kwa sababu panya naye ni mnyama anyonyeshaye. Mwaka 2015 Camila dos Santos, Gregory Hannon na wenzao, watu wa nyumba ya uchunguzi ya Cold Spring Harbor huko Marekani, walitoa habari hii. Waliwatazama panya waliokwisha kushika mimba na wale ambao bado. Walipowapa wote ujumbe wa mimba, titi la panya aliyewahi kuzaa liliitika upesi zaidi, kama mwimbaji aliyekwisha kuujua wimbo. Walipotazama ndani ya chembe zake waliona kwamba mahali pengi alama za kufunga zilikuwa zimeondolewa na mimba ya kwanza, wala hazikurudi.

Mwaka 2020 dos Santos na wenzake walikwenda mbele zaidi. Katika kitabu cha maagizo kuna agizo moja linaloitwa cMYC. Agizo hili huziamuru chembe zikue. Likipiga kelele kupita kiasi, chembe huzaana ovyo, na kansa huanza. Wachunguzi walilichochea agizo hilo makusudi katika chembe za titi za panya. Chembe ambazo hazijawahi kupitia mimba zilianza kuelekea kwenye kansa. Lakini chembe zilizopitia mimba hazikulitii agizo lile baya. Zilikaa kama mzee aliyechoka: hazikufa, lakini hazikuzaana. Mwaka uliofuata waliona tena kwamba baada ya mimba askari wa damu wa namna fulani huongezeka katika titi la panya, na askari hawa nao husaidia kuzuia ugonjwa.

Panya si mtu, na kwa hiyo waganga wenye hekima hutumia neno "huenda". Lakini wameyatazama pia matiti ya wanawake ambao damu ya mwezi imekwisha kukoma. Waliona kwamba chembe za waliozaa zina alama tofauti na za wale wasiozaa, hata baada ya miaka mingi. Tena mwaka 2018 wachunguzi wa Denmark walihesabu majuma ya mimba za wanawake wengi sana. Waliona kwamba mimba iliyofika majuma 34 huleta ulinzi, lakini iliyokwisha kabla ya hapo haileti. Ni kama kwamba kazi maalum hufanyika katika titi karibu na mwisho wa mimba, na kazi hiyo ndiyo inayoacha alama.

Hii ndiyo nusu ya kweli aliyoijua mama mkwe. Hakuwa amesoma, lakini alikuwa na macho, na wazee wake walikuwa na macho.

NUSU YA PILI: ALAMA SI NGAO

Sasa sikiliza vizuri, mama, maana hapa ndipo uzima wako ulipo.

1. Kupungua si kwisha. Tuseme katika nchi fulani kuna wanawake 100 ambao kansa ya titi ingewapata. Kama kila mmoja wao angezaa mtoto mmoja zaidi, kwa hesabu ile ya asilimia 7, saba wangeokoka. Na 93? Wangeugua. Mvua ikipungua, je, utaacha kuezeka nyumba yako?

2. Ulinzi hauji upesi. Watu wengi hawalijui jambo hili. Mwaka 2019 wachunguzi walijumlisha habari za wanawake karibu 890,000. Waliona kwamba baada ya kuzaa, hatari ya kansa ya titi huongezeka kwanza. Huwa juu kabisa kama miaka mitano baada ya kuzaa, kisha hushuka polepole. Ulinzi wenyewe ulionekana baada ya miaka kama 24. Usiogope kuzaa kwa ajili ya neno hili, maana kansa ya titi kwa mama kijana si jambo la kawaida, na nyongeza hiyo ni ndogo. Lakini ufahamu hili: mama mwenye mtoto mgongoni hajafika bado wakati wa kulindwa. Yule mama wa mfano wetu alidhani yuko ndani ya boma, kumbe alikuwa bado njiani.

3. Kansa ya titi si ya namna moja. Iko namna inayolishwa na ujumbe wa uzazi ulio katika damu. Hiyo ndiyo ambayo kuzaa huipunguza zaidi. Iko namna nyingine isiyolishwa na ujumbe huo. Hii huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, huwapata wangali vijana, nayo hukua upesi. Uchunguzi uliofanywa kwa wanawake weusi wa Marekani umeonyesha kwamba kuzaa peke yake hakuwalindi na namna hii. Waliozaa bila kunyonyesha walikuwa katika hatari zaidi, lakini kunyonyesha kulipunguza hatari yao. Mama, usimnyime mtoto titi kwa sababu ya maziwa ya mkebe yanayosifiwa dukani, kama mwenyewe u mzima na maziwa unayo.

4. Katika jamaa fulani ugonjwa huu hurithiwa. Kama mama yako, dada yako au shangazi yako aliugua kansa ya titi, mwambie mganga habari hiyo, hata kama umezaa watoto kumi.

WASICHANA WASITWISHWE MZIGO HUU

Labda baba mmoja atasoma hapa na kusema, "Ikiwa kuzaa mapema hulinda, nimwoze binti yangu sasa." Baba, ngoja. Hilo si neno la waganga.

Mwili wa msichana haujakomaa. Nyonga zake ni nyembamba. Mtoto aweza kukwama siku mbili, siku tatu, na mtoto akafa, na mama naye akafa. Akipona, mara nyingine hubaki na fistula: tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu, mkojo ukitiririka usiku na mchana, na watu wakimkimbia. Katika Hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambayo Mganga Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, wanawake wengi wametibiwa ugonjwa huu, na wengine walikuwa wangali wasichana. Tena sheria ya Congo ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Usimtie binti yako katika hatari ya leo kwa kumkinga na ugonjwa ambao labda hautampata kamwe. Mpeleke shule. Akikomaa, ataolewa na kuzaa kwa afya.

NENO KWA MAMA ASIYEZAA

Nawe mama ambaye hukupata mtoto, au ulipoteza mimba, twataka kusema nawe kwa upole. Labda umesikia watu wakisema kwamba titi lisilonyonyesha ni lazima lioze. Ni maneno ya ukatili, wala si kweli. Ni kweli kwamba hatari yako ni kubwa kidogo kuliko ya aliyezaa, lakini wanawake wengi wasiozaa huzeeka bila kupata kansa ya titi. Na mimba iliyoharibika haileti kansa. Wachunguzi wamelitazama jambo hilo kwa uangalifu, wala hawakuona kwamba huleta.

Kansa si adhabu ya tasa. Si kazi ya mchawi wala si laana ya mama mkwe. Ni chembe moja iliyoharibika maagizo yake, ikazaana bila kutii. Hana katika Maandiko alilia kwa sababu ya maneno ya mwenzake zaidi ya yote. Ninyi akina mama wa kanisa, msiwe Penina kwa dada zenu. Mkumbusheni tu dada huyo ajitazame matiti yake kama ninyi mnavyopaswa kujitazama.

JINSI YA KUJITAZAMA

Yajue matiti yako kama unavyoijua njia ya shamba lako. Aijuaye njia huona upesi jiwe jipya. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya damu ya mwezi kukoma, jitazame na kujigusa. Kama unanyonyesha, fanya hivyo baada ya mtoto kushiba, wakati titi limekuwa laini. Tumia vidole vilivyonyoka, zunguka titi lote, kisha na kwapa.

Njoo hospitali au kituo cha afya ukiona moja la mambo haya:

Kivimbe kigumu katika titi au kwapani, hata kama hakiumi.
Ngozi iliyovutwa ndani, au iliyokuwa kama ganda la chungwa.
Chuchu iliyoingia ndani, nayo zamani haikuwa hivyo.
Damu ikitoka katika chuchu.
Titi moja limevimba au limekuwa jekundu, na dawa ya siku chache haikuliponya.
Kidonda katika titi kisichopona.

Lakini mama anayenyonyesha atauliza, "Nitajuaje kwamba si maziwa yaliyoganda?" Ni swali jema. Maziwa yakiganda, mara nyingi titi huuma, huwa na moto, na mama aweza kupata homa. Mtoto akinyonya sana upande huo, na mama akitibiwa, hali hubadilika kwa siku chache. Kansa mara nyingi haiumi mwanzoni, na kivimbe chake hakiendi. Basi ishike kanuni hii: kivimbe ambacho hakikwisha kwa majuma mawili, kionekane na mganga. Usingoje la tatu. Kama unaona mojawapo ya zile dalili nyingine, usingoje hata hayo mawili.

Tena usife moyo kabla ya kuja. Vivimbe vingi vya matiti si kansa. Mganga atakigusa, labda atatazama kwa mashine ya ekografi, labda atatoa kipande kidogo kwa sindano ili kipimwe. Mambo hayo hayamzuii mama kunyonyesha, wala kansa haiingii kwa mtoto kwa njia ya maziwa. Ikiwa dawa za kansa zitahitajika, hapo mganga atamwambia mama namna ya kumlisha mtoto, maana dawa hizo zaweza kupita katika maziwa.

Usikubali kuchanjwa wembe juu ya kivimbe. Usikichome kwa majani ya moto wala kukikanda kwa nguvu. Wembe hautoi kansa. Hufungua kidonda na kupoteza miezi, na miezi ndiyo mali yako kubwa wakati huo. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, linataka kwamba tangu mgonjwa afike kwa mganga mara ya kwanza mpaka ajue ugonjwa wake, zisipite siku 60. Nasi tutajitahidi upande wetu. Wewe jitahidi upande wako, kwa kutoficha.

NENO KWA BABA

Baba, mkeo akikuambia amegusa kitu katika titi, usimjibu, "Ni mambo ya wanawake." Toa fedha ya safari. Fuatana naye. Wanawake wengi huficha ugonjwa huu kwa sababu moja tu: wanaogopa kwamba wakikatwa titi, bwana atawaacha. Mwambie mapema, kabla hajaugua, kwamba wewe ulimwoa yeye mzima, wala hukuoa titi. Neno hilo laweza kumleta hospitali miezi sita mapema, na miezi sita yaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kufa. Tena ujue kwamba mwanamume naye aweza kupata kansa ya titi, ingawa ni mara chache sana. Ukiona kivimbe nyuma ya chuchu yako, nawe njoo.

TUMRUDIE MAMA WA MFANO

Turudi kwa mama yule wa watoto sita. Tuseme siku ile aliyogusa punje ya mahindi, mama mkwe angejibu hivi: "Mwanangu, mimi nilinyonyesha wanane, na Mungu alinilinda. Kunyonyesha ni kwema, wala usiache. Lakini mtoto wako bado ni mdogo, na ulinzi wa kuzaa huja baada ya miaka mingi. Ngoja majuma mawili. Kisipokwisha, mimi nitabaki na watoto, nawe uende hospitali."

Maneno yenyewe ni machache, wala hayahitaji shule. Lakini kwa maneno hayo kivimbe kingefika mbele ya mganga kingali kama punje, nacho kingeweza kutolewa chote. Mama angepata tumaini kubwa la kuwaona watoto wake wakikua.

Mungu ameweka katika titi la mama kazi ya ajabu, na alama inayobaki hata mtoto akiisha kuwa mtu mzima. Tumshukuru kwa alama hiyo. Lakini tusiifanye kuwa hirizi. Ametupa tena macho, mikono, mganga na dawa, naye anataka tuvitumie vyote. Omba, mama, na ukiisha kuomba, ondoka uende.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHA AKINA MAMA

1. Ni neno gani la kweli alilolisema mama mkwe? Ni neno gani alilolikosa?
2. Alama za kitabu cha nyimbo zinatufundisha nini juu ya titi la mama aliyezaa?
3. Kwa nini haifai kumwoza msichana mdogo kwa kutaka kumkinga na kansa?
4. Kivimbe kisichokwisha kwa majuma mawili, tukifanyie nini?
5. Katika kikundi chetu, ni nani atakayebaki na watoto wa mwenzake siku ya kwenda hospitali?